Kikohozi cha Gari la Runji

Sisi watu wa Embu tunapanda kahawa na kunywa chai, hilo halina ubishi. Lakini pale kona ya Dallas, mtaa wa hapa mjini, nyuma ya kinyozi, Marcella aliamua zamani kwamba upuzi huo mwisho wake ni kwake. Anauza kahawa nyeusi yenye tangawizi, kikombe kidogo, na ukimwomba chai anakutazama kana kwamba umemtukania mama. Benchi lake ni ubao mrefu, upande mmoja umewekwa juu ya matofali, upande wa pili juu ya bampa iliyong'olewa kwenye gari la Runji. Jiko lenyewe limekalia rimu ya gari hilohilo. Hapo ndipo hukaa Profesa, aliyewahi kufundisha sayansi darasa la sita na mpaka leo hajaacha. Hapo hukaa Bishop, ambaye si bishop hata chembe, ni muuza tairi kuukuu anayeongoza kwaya. Na hapo hukaa Kinoti, makanika kutoka Meru, anayeitwa Spana. Ijumaa hiyo jioni walikuwa wote, na mbele yao gari lilikuwa limesimama boneti juu, Runji mwenyewe kashika kiuno kama mtu aliyefiwa.

Na kweli alikuwa karibu kufiwa, maana keshokutwa yake, Jumapili, alitakiwa afike Nkubu kwa wazazi wa mpenzi wake Kaari, wamjue. Mara ya kwanza alipongojwa hakufika, klachi ilimwangusha. Mara ya pili bomba la tabo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, lilichomoka kabla hata hajapita Runyenjes. Mara zote mbili mbuzi alichinjwa na majirani wakamla. Kaari, mwalimu wa pale Karurumo, hakugomba wala hakulia. Alisema tu, "Jumapili nisipokuona, nitajua umechagua." Na Runji alimpenda huyo dada, jamani! Alimpenda mpaka redio ikitaja Karurumo, hata kama ni habari ya ng'ombe aliyepotea, anaongeza sauti.

Sasa gari linakohoa.

— Washa tena, Spana akasema.

Runji akawasha. Likanguruma vizuri. Akakanyaga mafuta, mluzi wa tabo ukaanza kupanda, ukapanda, halafu: khoh! khoh! pah! Mteja wa kinyozi akatoka nje nusu kichwa kimenyolewa, akauliza kama kuna maandamano.

— Hiyo iko na kifua, Bishop akasema.

— Si kifua, Profesa akamkata. Ni hewa. Runji, hii gari ilitengenezwa wapi?

— Japani.

— Na Japani ni nini?

— Ni nchi, Profesa.

— Ni kisiwa! Na kisiwa kiko wapi? Baharini! Sasa gari imezaliwa baharini, kwa hewa nzito, hewa ya kushiba. Wewe ukaileta huku kwa mlima, hewa nyepesi kama supu ya hoteli. Si lazima ikohoe?

— Lakini imekaa huku miaka yote hii na haikuwa inakohoa.

— Ilikuwa inavumilia. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Sasa mbivu zimeisha.

Bishop akaitikia kwa "Aaamina" ya kwaya, ile ya kuvuta. Spana akapangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

— Mimi nasema hii tabo imekuwa ndogo, akasema. Hii kitu sasa ni mwanaume mzima amevaa viatu vya nasari. Niko na moja kwa gereji, kubwa hivi, ilitoka kwa lori. Nikianza leo, Jumapili asubuhi unawasha unaenda.

Hayo maneno "Jumapili asubuhi unawasha unaenda" Runji alishawahi kuyasikia, na siyo mara moja.

Maana gari hili lilifika Dallas likiwa zima. Kale kagari kadogo ka hachibaki kenye tabo yake ya kiwandani, kakimya, ukikakanyaga kanaruka, ukikaacha kanatulia. Kwanza likawekwa egzosi pana, lile bomba la moshi la nyuma. Egzosi ikaleta nguvu kidogo na kelele nyingi. Runji na Kaari wakawa wanazungumza ndani ya gari kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto. Nguvu ikaleta joto, likawekwa redieta kubwa ya kupoza hewa ya tabo, bampa ikakataa kurudi, ikawa benchi. Kompyuta ya gari ikaandikwa upya na kijana fulani aliyekuja na laptopu. Nguvu ikazidi, klachi ikateleza, ikawekwa klachi ngumu ya mashindano, na mguu wa kushoto wa Runji ukanenepa hadi fundi wa nguo akamuuliza kwa upole kama alipata ajali utotoni. Breki za zamani hazikutosha. Breki kubwa hazikuingia kwenye rimu za zamani. Rimu kubwa zikasugua madigadi, madigadi yakakatwa. Mwisho likashushwa chini, kwa sababu Profesa alisema gari refu hugombana na upepo. Tangu siku hiyo, kila wakifika kwenye tuta Kaari alishuka, akavuka tuta kwa miguu, akapanda tena. Kuna siku kati ya Karurumo na mjini dada wa watu alitembea mpaka viatu vikambana.

— Tabo moja ya lori haitoshi, Bishop akasema. Weka mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Mbili zitaleta joto, Spana akasema.

— Si unatia maji! Profesa akadakia, akasimama kabisa, maana hapa palikuwa pake. Unatia maji ndani ya injini, kidogo kidogo, inapoa. Wazungu wanajidai wamegundua juzi. Wahenga wetu walijua toka zamani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ina maana gani? Kitu kikisifiwa, kitie maji!

— Hiyo methali haina maana hiyo, Marcella akasema kutoka kwenye jiko.

— Marcella, wewe pika kahawa. Haya ni mambo ya injini.

— Injini gani? Hiyo inayopiga chafya hapo?

Runji akacheka bila kupenda, halafu akakumbuka Jumapili na kicheko kikafa.

— Lakini Profesa, Bishop akaendelea polepole, kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa jambo, kama shida ni hewa ya baharini, mbona tusilete hewa yenyewe?

Vichwa vyote vikamwelekea Bishop.

— Niko na chubu, ile mipira ya ndani ya tairi za lori, nyingi, akasema. Nazituma Mombasa na basi. Niko na binamu Changamwe. Anazijaza hewa ya huko, nzito, anazifunga, zinarudi. Tunazipanga kwa kiti cha nyuma na mpira mpaka kwa injini. Hii gari itafikiria iko kwao.

Mtu mwenye akili timamu angecheka. Spana hakucheka. Alitazama juu, midomo ikitembea, akipiga hesabu.

— Hiyo hewa itaisha Chuka.

— Tunaweka zingine Chogoria zinangoja, Bishop akasema. Niko na shangazi Chogoria.

— Na Katheri?

— Si anaenda Nkubu tu! Hafiki Katheri!

— Lakini akirudi?

— Akirudi anateremka. Kuteremka hakutaki hewa.

Profesa akatoa kofia, akampa Bishop mkono kwa heshima. Hata yeye, alisema, kwa miaka yote ya sayansi, hakuwa amefika hapo. Kisha wote wakamgeukia Runji, maana ilibidi aamue: tabo ya lori sasa hivi, ama chubu, ama vyote viwili. Runji akatazama gari. Akatazama jua, lililokuwa linateremka upande wa Kerugoya bila kumngoja mtu. Akafungua mdomo aseme, "Haya Spana, fungua," maana alikuwa hana lingine.

— Muga, Kinoti.

Wote wakageuka. Alikuwa mwanamke mwenye sweta ya kijani mabegani, mkoba wa shule, vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni. Hakuwahi kukanyaga hicho kijiwe siku hata moja.

— Muga mono, madam, Spana akajibu salamu hiyo ya Kimeru, akificha kitambaa chake nyuma ya mgongo.

— Kaari! Runji akasema, na masikio yakamchoma. Umekuja... umekuja na nini?

— Na miguu. Nimeizoea.

Marcella akacheka mpaka akashika jiko. Bishop akasogea, akapangusa ubao kwa mkono.

— Karibu, madam. Keti. Mgeni njoo mwenyeji apone.

— Asante, mzee. Mnafanya nini?

Wakamweleza. Na ukiwa mwalimu wa darasa la tatu, umefundishwa na Mungu mwenyewe jinsi ya kusikiliza mtu anayekueleza kwa nini hakufanya kazi yake. Kaari akasikiliza kisiwa cha Japani. Akasikiliza tabo ya lori. Akasikiliza chawa na mgema, akasikiliza chubu za Changamwe na shangazi wa Chogoria, anatikisa kichwa taratibu, anakunywa kahawa ya Marcella. Walipomaliza, Profesa amekaa vizuri akingoja sifa, Kaari akaweka kikombe chini.

— Sawa. Na kwani mwanzoni hii gari ilikuwa na shida gani?

Spana akainua vidole kuhesabu.

— Ilikuwa... Spana akaanza. Ngoja. Breki ni kwa sababu ya nguvu. Klachi ni kwa sababu ya kompyuta. Kompyuta ni kwa sababu ya ile redieta. Redieta ni kwa sababu ya egzosi. Egzosi ni kwa sababu...

Akamtazama Profesa. Profesa akainua kikombe, akapuliza kahawa iliyokuwa imepoa kitambo. Bishop akakumbuka kuna mtu alisema atakuja kuchukua tairi, akachungulia barabarani kama huyo mtu anakuja.

Runji peke yake ndiye aliyejua, na alijua kwamba anajua. Angeweza kunyamaza kama wenzake. Lakini kuna aibu ambayo ukiimeza tena itakukaba.

— Haikuwa na shida, akasema. Ilikuwa kimya tu. Nilifikiria, nitaingiaje kwenu na gari kimya? Baba yako ana majani chai mpaka mtoni. Mimi ni karani, mtoto wa kijijini Kanja, kwetu ni ng'ombe wawili na migomba. Nikasema wacha nisikike kidogo. Niliogopa, Kaari. Hata ile siku ya klachi, ningekopa gari ya mtu nije. Niliogopa tu.

Wanaume wa kijiweni wakatazama viatu vyao, kila mtu vyake. Kaari alimtazama Runji, jicho likamlowa, halafu bega likaanza kutikisika. Runji akadhani analia. Alikuwa anacheka.

— Wewe unajua kwa nini nimekuja? akauliza. Nimetumwa na mama. Ulipokosa mara ya kwanza, baba alisema ni nyumba, rangi imechakaa, kijana amesikia akaona ni dharau. Akapaka rangi. Rangi ilipong'aa, viti vikaonekana vizee, akanunua viti. Ulipokosa mara ya pili akasema ni geti, mtu wa maana haingii geti ya mbao. Akaweka ya chuma, kubwa! Sasa geti imekuwa kubwa, nyumba inaonekana kama choo. Leo asubuhi ameita fundi avunje ukuta wa sebule aongeze. Mama ananiambia, mwambie huyo kijana wako, asipokuja Jumapili, wiki ijayo tunalala na ng'ombe.

— Baba yako? Ananiogopa mimi?

— Hajawahi kuona karani wa Embu.

Runji akajaribu kulimeza hilo neno, likawa kubwa, akalitafuna polepole.

— Na kwani nyumba ilikuwa na shida gani? akauliza.

Kaari akafungua mdomo, akaufunga, akajifunika uso kwa sweta. Marcella ndiye aliyepasuka kwanza, halafu Bishop, kicheko cha besi, halafu hata Profesa, aliyejaribu kukohoa akashindwa.

— Spana, Runji akasema walipotulia. Hii gari ikienda polepole, bila tabo kushika, inakohoa?

Spana akaonekana kama ametukanwa.

— Ikienda polepole haina sababu ya kukohoa.

— Basi funga boneti.

— Na tabo ya lori?

— Rudisha kwa lori.

Kaari alikuwa tayari ametoa simu. Akabonyeza, akampa Runji kabla hajapata nafasi ya kukataa. Runji akaishika kwa mikono miwili. Benchi zima likainama upande wake, ubao ukalia. Simu ikaita, ikaita, ikashikwa. Kule Nkubu kulikuwa na nyundo inagonga ukuta, ngo, ngo, ngo, na sauti ya mzee juu yake ikiuliza kwa kupayuka ni nani.

— Mzee, shikamoo. Mimi ni Runji, yule wa Embu. Nakuja Jumapili. Nitachelewa kidogo kwa sababu naendesha polepole. Lakini nakuja, na nitakaa hapo palivyo.

Nyundo iligonga mara mbili tatu zaidi. Kisha wakamsikia mzee akimwambia fundi ashuke ukutani.