Shangazi wa Ununuzi na Maboksi Yaliyosimama

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Ununuzi, Shangazi anastaafu. Kiwanda kizima kinamwita hivyo, ingawa hana mpwa hata mmoja kati yetu.

Alianza kama karani wa stoo, akapanda hadi kuwa msimamizi wa wasambazaji wa hapa nyumbani: wa vifuniko, wa lebo, wa maboksi. Ilikuwa kazi ya kukaa katikati. Wasambazaji walimwona mtu wa kampuni. Ofisini alionekana mtu wa wasambazaji. Kikao kikiisha, kila mmoja aliondoka na wenzake, naye akabaki anakunja nyaya za projekta.

Mwaka mmoja makao makuu, huko ng'ambo, yaliamua maboksi ya sabuni yanunuliwe nje, kwa kuwa yale ya fundi wa mtaa wa pili yalilegea yakipata unyevunyevu. Shangazi akaomba muda.

"Yakilegea tena, lawama ni zako," meneja alimwambia.

"Sawa, nitazibeba."

Msimu mzima wa mvua alishinda karakanani kwa fundi, wakijaribu gundi za wanga, hii na ile. Nguo zake zilinuka wanga hata tukamtania kwamba ameolewa na uji. Alicheka pamoja nasi. Kumbe mumewe alikuwa amelazwa hospitalini, na hakumwambia mtu. Tulijua siku ya mazishi.

Maboksi yalisimama imara. Leo fundi yule anaviuzia viwanda vya kampuni katika nchi tatu, na ameajiri vijana wengi wa mtaani kwake. Pale mapokezi imetundikwa picha yake akipeana mkono na meneja. Shangazi hayumo; ndiye aliyeipiga.

Nafasi yake haitajazwa. Wasambazaji watatumia mfumo wa mtandaoni. Tangu tangazo litoke, simu haziishi. Mama wa vifuniko aliuliza, "Mwanangu akiugua, mzigo ukachelewa, huo mfumo nitauelezaje?"

Shangazi, asante kwa kutushika mkono, sisi na wao. Tunajua nyumba ni kubwa na watoto wako mbali. Uishi vyema huko, na simu yako ikilia, awe mtu asiyehitaji kitu, anayetaka tu kujua umeamkaje.