Mti Wenye Kitambaa Chekundu

Dada: Haloo? Nani mwenzangu?

Kaka: Mimi, dada. Shikamoo. Natumia simu ya fundi wa bustani, yangu imezima.

Dada: Marahaba. Mdogo wangu, mama anaona! Daktari kamfungua bandeji ya jicho, kasoma mpaka kalenda ya ukutani!

Kaka: Kweli? Afadhali…

Dada: Mbona umepoa hivyo?

Kaka: Mko wapi sasa?

Dada: Bado hospitali, tunasubiri dawa. Nusu saa hivi tupo nyumbani. Miti ya mbele mmemaliza kuipunguza? Sebule imepata mwanga?

Kaka: Mwanga upo. Mpaka vumbi la kabati linaonekana.

Dada: [mkwaruzo] …unakatika! Ule wa mlangoni mmeuhamishia nyuma ya nyumba?

Kaka: Dada, si nilifunga kitambaa chekundu kwenye mti wa marehemu baba, ule alioupenda?

Dada: Ndiyo, usiguswe. Ndivyo tulivyokubaliana.

Kaka: Sasa kwa fundi, wenye chekundu ndio wa kung'oa. Kazini kwao ndivyo wanavyoweka alama. Mimi sikumweleza, nikaenda zangu kuazima toroli kwa jirani. Narudi—

Dada: Usiniambie.

Kaka: —nakuta umelala chini.

Dada: Urudisheni! Shimo si lipo?

Kaka: Tumesharudisha. Tumeufunga kamba pande tatu. Lakini mizizi mikubwa imekatwa, udongo wote ulipukutika. Fundi anasema utasimama tu, kushika hautashika. Wiki mbili, zikizidi tatu, utakuwa umekauka.

Dada: Nipe huyo fundi!

Kaka: Amekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Utamwambia nini? Kosa ni langu, dada. Langu mimi.

Dada: Miti saba mbele ya nyumba, imebanana mpaka mlango haufunguki vizuri, halafu unang'olewa huo huo! Unajua mama ameniambia nini tangu asubuhi? Miaka minne anauona kama moshi. Leo anataka auone jani kwa jani.

Kaka: Basi mwambie. Taratibu, mkiwa njiani.

Dada: Mimi? Jicho halijamaliza hata saa mbili tangu lifunguliwe, nimlize? Mwambie wewe.

Kaka: Siwezi.

Dada: Na mimi siwezi. Mungu wangu, tufanye ni— nyamaza, anakuja, nyama—

Mama: Huyo si kitindamimba wangu? Hebu lete simu.

Kaka: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, baba! Naona, mwanangu! Naona mpaka blauzi ya dada yako haikupigwa pasi!

Kaka: Tunashukuru, mama.

Mama: Miti mmeipunguza? Roho iliniuma, lakini nakiri, nyumba ilishakuwa handaki. Baba yenu naye, alipoipanda alipima hatua moja moja akidhani ni maua ya uzio. Wake upo?

Kaka: Upo, mama. Umesimama.

Mama: Mbona sauti inatetemeka?

Kaka: Mtandao, mama.

Mama: Haya. Sikia, daktari kanipa kazi. Nichague kitu kimoja cha mbali, nikitazame kila asubuhi. Nikiona rangi inafifia, nikimbie kwake, jicho linaharibika. Nimemwambia nitautazama mti wa mume wangu.

Kaka: Mama, chagua kitu kingine.

Mama: Kama nini?

Kaka: Ukuta wa jirani. Bati. Chochote—

Mama: Nimepata macho leo, nikatazame ukuta wa watu? Wewe una nini?

Kaka: Mama, ukiona unageuka rangi… sio macho yako. Unanisikia? Sio macho—

Mama: [mkwaruzo] …sikusikii, baba. Teksi hiyo imefika. Niwekee kiti pale dirishani, nakuja kukaa.

Kaka: Mama, subiri! Mti ule—

[Tuu. Tuu. Salio la fundi limekwisha.]