Soya Zimeiva au Bado

Sikilizeni wanangu, na anayetaka kulia akalie uani, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusemea, si ya kubembelezea mtu. Wewe kifungua mimba wangu, nipandishie mto kidogo. Hapo hapo. Na wewe mkaza mwana, uliyeketi mlangoni kama mgeni, njoo ukae hapa kitandani, kwa sababu mengi nitakayosema leo ni yako.

Mali yangu mnaijua. Mabwawa mawili ya samaki ni ya kifungua mimba. Masanduku ya mabuu ni ya dada yake, kwa kuwa ni yeye peke yake ambaye hakukunja pua siku niliposema tulishe nzi makombo ya hotelini, ili mabuu yao yawe chakula cha samaki. Nasikia wewe, kifungua mimba, unanong'ona kwamba nikishafukiwa mtarudia kuwalisha dagaa, eti perege wetu hunenepa upesi. Hunenepa, sikatai. Lakini niliacha kuwanunua nilipoona gunia limejaa vidagaa vidogo kama kucha, na wanawake sokoni wanarudi nyumbani bila kitoweo kwa sababu nimevibeba vyote nikalishie samaki. Wekeni dagaa kidogo kwa vifaranga wa samaki, wiki zile za kwanza tu. Wakishakua, soya, pumba na mabuu vinawatosha, na unga wa muhogo ushikanishe tembe za chakula zisimumunyike majini kabla hazijaliwa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Soya isiyoiva samaki huila, hushiba, wala hakui. Ndiyo maana kila kaango nilionja mwenyewe, nikatafuna punje tatu, na mkanicheka mtu mzima kula chakula cha samaki. Mbichi ina ladha ya majani, iliyoiva inakaribia karanga. Kazi yote ilikuwa juu ya ulimi huu.

Na ulimi huu ulikufa. Ile homa iliyonilaza mwezi mzima iliondoka nao. Mliponiona natia chumvi kwenye chai mkasema uzee, nami nikawaacha mseme, maana niliona afadhali niitwe mzee kuliko kuambiwa sifai tena.

Mwaka ule perege walipodumaa, wa miezi sita wakawa kama kiganja cha mtoto, na wateja wakatuhama, nilisimama uani mbele ya watu nikasema mkaza mwana ametuharibia kwa uvivu wa kukaanga. Nikamnyang'anya mwiko, nikampa sindano ashone magunia. Wanangu, siku ile yeye aliniambia, "Mama, bado mbichi, tuongeze kuni." Mimi, mdomo wangu hauna habari na kitu, nikamwambia zimeiva, teremsha. Mimi ndiye niliyeharibu. Naye aliketi akashona, wala hakumwambia hata mumewe.

Kuna zaidi. Mnashangaa basi miaka mitatu iliyofuata niliwezaje kupatia. Sikupatia mimi. Nilikuwa natafuna punje zangu huku nimekunja uso kama mjuzi, na yeye anapita na gunia lake begani, anaokota punje moja, anaitafuna. Kama bado, anasukuma ukuni ndani kwa mguu. Kama tayari, anapita zake. Hapo ndipo nilipokuwa natangaza kwamba zimeiva. Chakula kilichoturudishia wateja ni chake, sifa nilikula mimi. Nimeona aibu kila siku, na kila siku nikasema kesho nitasema.

Kwa hiyo kaango ni lake. Mwiko, mashine ya kusaga na chumba cha kuchanganyia, vyote vyake, na neno lake kuhusu chakula lisipingwe na mtu, hata na mumewe. Nisamehe, mwanangu. Ukishindwa leo, nisamehe taratibu.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Mungu awape mikono isiyo na pupa. Mabwawa yenu yasikauke, na atakayekula samaki wenu alale ameshiba. Msiniweke siku mbili, nizikeni mapema, mabuu hayangoji matanga.

Jikoni kuna kaango la leo. Leteni punje hapa. Si kwangu, mpeni mkaza mwana. Tafuna, mama. Wote wanakutazama, tafuna tu. Zimeiva?

Sema kwa sauti, wasikie.

Bado... Mmesikia? Amesema bado. Basi nendeni mkaongeze kuni. Mimi... nitangoja.