Mama Klara na Karama Yake ya Leo (1919–1979)

Tunayemzika hapa Kwemkole, chini ya msitu wa Magamba, ni Klara binti Yohane Shekiondo, ambaye wengi walimwita Mama Mika. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1919, mtoto wa kwanza wa Mzee Yohane, mpasua mbao, na Mama Secilia. Alibatizwa kabla hajatimiza miezi mitatu. Siku chache kabla ya kufariki aliagiza wasifu wake usomwe na mdogo wake Elia, na kosa lake lisifichwe. "Mkinisifu tu," alisema, "mtakuwa mnamzika mtu mwingine." Elia alimwahidi, na ahadi hiyo inatimizwa leo.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1928 hadi darasa la nne mwaka 1932, akapata kipaimara miaka miwili baadaye. Alikuwa mwepesi wa kusoma na mzito wa kutumia kilicho chake. Krismasi moja mama yake alimshonea gauni la kitambaa cha maua. Klara akalikunja, akaliweka sandukuni, akisema anangoja sikukuu iliyo kubwa zaidi. Alipolitoa, halikupita mabegani, na panya walikuwa wameshakula pindo. Nyumbani walicheka hadithi hiyo kwa miaka mingi, na yeye alicheka nao, ingawa uzeeni alisema kwamba hakuwa ameielewa vizuri.

Kwa kazi alikuwa mkulima wa kabichi, njegere na viazi, na kwa miaka sita alifanya kibarua kwenye kitalu cha miche ya msituni. Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 1940 alifunga ndoa na Danieli Hoza, fundi seremala, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mika na Rehema.

Mwaka 1952 uamsho ulikuwa umepamba moto milimani, na kila mtu aliomba karama. Jumapili ya tarehe 20 Aprili, mvua ikiwa imenyesha siku tano mfululizo, Klara alisimama katikati ya ibada, akawaomba watu wa kitongoji cha chini watoke majumbani mwao saa ile ile. Wengine walimwona amechanganyikiwa. Lakini Danieli alitoka akaenda kuwabeba wazee, na watu kumi na mmoja wakahama. Alasiri ile mlima uliporomoka ukafukia nyumba tatu. Hakufa hata mtu mmoja.

Tangu siku hiyo Klara hakuwa wa kwake tena. Walikuja watu kutoka Mombo, kutoka Mazinde, hata kutoka Muheza, kumuuliza ya kesho: mtoto atafaulu, mgonjwa atapona, mume aliyekwenda mkongeni atarudi lini. Naye, kwa kuwa alipendwa, akaanza kujibu hata pale alipokuwa hana la kujibu. Aliamka akiwaza atakachowaambia watu, akalala akiyapima aliyoota. Rehema amekumbuka kwamba katika miaka ile mama yake alikuwa akimsuka nywele huku macho yake yako njiani, anatazama nani anapanda.

Mwezi Julai 1959 Danieli aliugua homa ya mapafu. Klara alikuwa ameota akimwona mumewe yuko juu ya paa la kanisa, amevaa shati jeupe, akipigilia mbao. Akasema ndiyo hiyo, atapona. Alikuwa amealikwa kwenye mkutano wa siku tatu Muheza. Danieli hakumzuia. Klara akamwacha mikononi mwa jirani yake, Mwanamisi binti Salimu, akashuka mlima.

Danieli alifariki siku ya pili ya mkutano, Jumatano tarehe 22. Klara alirudi akakuta kaburi limeshafunikwa. Akamshika Mwanamisi mikono, akamuuliza kama marehemu alilalamika, kama aliuliza juu ya ile ndoto.

"Hapana, Mama Mika," Mwanamisi alimjibu. "Hakuuliza kama atapona. Aliuliza kama umerudi."

Maneno yale yalimvunja. Kwa mwaka na zaidi Klara hakufungua kinywa kanisani, hata kuimba. Waliopanda kumuuliza ya kesho walikuta mlango umefungwa. Alikwenda shambani, akarudi, akapika, akakaa. Hatimaye Mwinjilisti Nikodemo, mzee aliyemfundisha kipaimara, alimfuata shambani, akaketi kwenye tuta. Klara alimwambia kwamba anataka kumrudishia Mungu karama yake, kwa sababu ilimdanganya.

Mzee hakumkemea. Alifungua Biblia yake penye barua kwa Warumi, akamsomea taratibu zile karama zote: unabii, na kuhudumu, na kufundisha, na kuwatia watu moyo, na kutoa, na kurehemu. Kisha akafunga kitabu.

"Mwanangu," alisema, "ile Jumapili ya mvua hukuiona kesho. Uliwaona watu waliokuwa hatarini siku ile ile, saa ile ile. Mungu alikupa karama ya leo. Wewe ndiye uliyeipeleka ikakae kesho."

Klara alilia pale shambani mpaka jua likapinda. Mzee Nikodemo alimngoja, akimng'olea magugu.

Tokea hapo akaanza desturi ambayo majirani wote wanaijua. Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, aliketi kizingitini na kuomba sala fupi: "Bwana, leo umenipa nani?" Akangoja. Jina la kwanza kumjia moyoni, ndiko alikokwenda. Mara nyingine alikuta mzazi mwenye homa, mara nyingine mtu asiyeumwa kabisa anayemshangaa amefuata nini. Hakuona haya. Alisema akikuta hakuna shida, basi amepata mtu wa kunywa naye chai. Na waliomuuliza ya mbele aliwauliza wamekula nini leo, na nani wamemwacha nyumbani peke yake.

Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, vijana walikuwa wanashuka Lushoto kwa ngoma. Wengi walitaka Mama Mika awaambie nchi hii itakuwaje. Aliwajibu kwamba hajui. Jina lililomjia asubuhi ile lilikuwa la Mzee Bakari, aliyekuwa kipofu na ambaye wanawe wote walikuwa wametangulia mjini. Akamshika mkono, wakashuka hatua kwa hatua, wakafika watu wameshajaa. Akasimama naye uwanjani akimsimulia bendera: kijani hapa, dhahabu hapa, nyeusi hapa, na jinsi upepo unavyoichezea. Mzee Bakari alisema baadaye kwamba yeye aliuona Uhuru kuliko wenye macho.

Mwezi Novemba 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, Rehema na mumewe walihamishiwa kijiji kipya karibu na Mazinde. Klara alishuka kuwatazama. Alikuta watu wamegawiwa viwanja, lakini nyumba nyingi zilikuwa fito tupu, na watoto wakilala chini ya maturubai. Habari zake zilikuwa zimemtangulia. Katibu wa kijiji, Omari, alimwamkia kwa adabu, akamwomba awaambie watu mkutanoni kwamba Mungu amemwonyesha kijiji kitastawi, ili wasitoroke. Kabla jioni haijafika walikuja wengine kwa siri, wakamwomba aseme kijiji kimelaaniwa, ili watu wapate ujasiri wa kuondoka.

Rehema aliogopa. Alijua kwamba mama yake akisema hili atawaudhi wakubwa, na akisema lile atawatia watu matatani.

Mkutanoni Klara alisimama, akawasalimu wote, akasema: "Mmeniomba ya kesho. Sikuonyeshwa. Nimeonyeshwa wale watoto pale, na wingu lile kule. Mimi nakwenda kukata nyasi."

Akachukua mundu, akaondoka. Wengine walicheka. Baadhi ya wanawake, Waislamu na Wakristo, walimfuata. Asubuhi yake Katibu Omari alikuwa juu ya paa, amevua shati, akifunga kamba. Kwa siku nane waliezeka nyumba kumi na tisa. Haikuwa muujiza: mvua iliwahi nyumba tatu kabla hazijaezekwa, na mtoto mchanga mmoja akafa kwa baridi. Klara alikaa na mama wa mtoto huyo siku saba bila kumwambia neno la kufariji. Alimchotea maji tu, akamchania nywele. Mama huyo yuko hapa leo.

Mwaka jana mwezi Oktoba alianza kuumwa tumbo. Mwezi Februari hospitali iligundua uvimbe usiotibika, akaomba arudishwe Kwemkole. Rehema alikuja kumuuguza. Siku moja alithubutu kumuuliza kama ameonyeshwa siku yake. Klara alisema hapana, ila ameonyeshwa kwamba Rehema hajalala siku mbili, akamsogezea nafasi kitandani.

Jumamosi ya tarehe 19 Mei asubuhi alikunywa vijiko vitatu vya uji, akashukuru. Rehema alikuwa akihangaika mlangoni, kwa sababu Mika alikuwa bado njiani kutoka Muheza, na alitaka mama yake ajikaze mpaka afike. Klara akamwita.

"Mika atakuja kesho," alisema. "Wewe uko hapa. Kaa."

Rehema akakaa, akamshika mkono. Wakazungumza juu ya njegere, ambazo mwaka huu zimebeba vizuri. Saa nne kasorobo alivuta pumzi yake ya mwisho. Mika alifika Jumapili adhuhuri.

Marehemu ameacha watoto wawili, Mika na Rehema, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na mdogo wake Elia. Kwa agizo lake mwenyewe, katika orodha ya wafiwa limeandikwa pia jina la Mwanamisi binti Salimu, dada yake.

Bwana alimpa, na Bwana amempokea. Mama Klara na apumzike kwa amani.