Miaka Thelathini na Mmoja Mkekani: Bi. Kadzo Pola Anapotuaga

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Kadzo Pola anakabidhi funguo za kabati lake baada ya kulitumikia shirika letu la Tulizo, hapa Gede, kwa miaka thelathini na mmoja kamili. Wakuu wa ofisi wamemteua Huzaifa Muhdhar aandike wasifu huu. Huzaifa ndiye mimi, lakini kuanzia hapa nitajiita "mwandishi", kwa kuwa mengi ya kusimuliwa ni aibu tupu, na ni nafuu kuyasema kana kwamba yamempata mtu mwingine.

Bi. Kadzo aliajiriwa Oktoba 1994 kama mpishi wa makao yetu, yale yanayowahifadhi wazee waliokimbia kwao baada ya kusingiziwa uchawi. Haukupita mwaka, wakubwa wakagundua kwamba wazee waliokuwa bubu mbele ya washauri walikuwa wakizungumza asubuhi nzima jikoni, wakimsaidia kumenya mihogo. Wakamtoa jikoni, wakampa cheo cha mshauri na meza. Meza hiyo ingalipo, na haina hata mkwaruzo, maana hajawahi kuikalia.

Kazi yake ameifanyia chini, mkekani. Mto Sabaki ulipofurika na watu wakahamia mahemani, alikaa nao wiki tano. Huko Kakuyuni amewafunza majirani sitini na wanne namna ya kukaa na mtu aliyefiwa au aliyetishika: kufika, kuvua viatu, kushika kazi iliyopo, na kufunga mdomo. Mtaalamu mmoja aliyetutembelea kutoka Nairobi, Bw. Gitau, alimwuliza anatumia mbinu gani. Akamjibu kwamba yeye hutumia mkeka. Bw. Gitau akaandika M.K.E.K.A. kwa herufi kubwa, kisha akauliza kwa adabu kila herufi inasimama badala ya nini.

Tusimcheke sana Bw. Gitau. Mwandishi alijiunga nasi mwaka 2016 akitoka Malindi mjini, na shahada ya ushauri nasaha aliyoitia fremu na kuitundika ukutani kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi. Andiko lake la kwanza liliitwa "Kujenga Ustahimilivu wa Jamii kwa Kuzingatia Kiwewe". Bi. Kadzo alilipokea kwa mikono miwili, akaliangalia, akauliza kama ni dawa ya kupaka au ya kunywa. Wiki hiyo hiyo mwandishi alimwendea mjane mmoja na fomu, akamwomba ataje huzuni yake ni ngapi, kutoka moja hadi tano. Mjane akamgeukia Bi. Kadzo, akamwuliza kwa Kigiriama kama kijana huyu ana mama. Bi. Kadzo hakuitafsiri sentensi hiyo hadi miaka miwili baadaye, siku ya Idi, mbele ya mama mwenyewe.

Ana kasoro zake pia, na leo ndiyo siku ya kuzisema. Husinzia kwenye semina, tena mstari wa mbele. Ripoti zake ni janga. Mwaka 2023, kwa wiki nane mfululizo, ripoti yake ya Jumatano ilisomeka hivi: waliofikiwa, mmoja, mada, makuti. Mkurugenzi alidhani ameanza biashara.

Ajabu ni kwamba wiki hizo nane ndizo zilizobeba kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, na mwandishi nusura aiue kwa mikono yake.

Mzee Ngowa ni mkulima wa ndani ya Kakuyuni, umri wake sabini na ushei. Mwaka 2022 mtoto wa kike wa miaka minne, mjukuu wa nduguye, alishikwa na homa, akafariki siku ya pili. Mama wa mtoto anaitwa Kahonzi. Matangani, mbele ya watu, Kahonzi alisema kwamba aliyemla mwanawe ni Mzee Ngowa. Neno hilo likatosha. Vijana walimjia mzee mchana kweupe na mapanga, akakatiza mashamba ya mihogo, na alipofika makaoni kwetu alikuwa na kiatu kimoja. Tangu siku hiyo, kila asubuhi aliuliza jambo moja tu: kama atafia kwao au kwetu.

Sote tulitaka kuwaendea wale vijana, na chifu, na wazee wa mtaa. Bi. Kadzo akaenda kwa Kahonzi. Alisema mama yule ndiye aliyeumia mwanzo, na hakuna aliyemwuliza lolote tangu azike. Akamkuta anashona makuti ya kuuza. Akavua viatu, akachukua fito, akaanza kukunja majani. Jumatano nane walishona, na jina la mzee halikutajwa. Jumatano ya tisa Kahonzi mwenyewe akauliza kama yule mzee bado anakohoa. Baada ya miezi kadhaa ya kupiga hatua na kurudi nyuma, akakubali: mzee aje mara moja, anywe uji, saa moja tu, aondoke. Watu watatu na sufuria ya uji, basi.

Hapo ndipo mwandishi alipopata wazo. Lahaula!

Bila kumwambia Bi. Kadzo, kwa nia ya kumfurahisha, mwandishi alitengeneza bango la mita nne lenye maandishi KARIBU NYUMBANI MZEE NGOWA, TUMESAMEHEANA. Nani aliyemsamehe nani, hakumwuliza mtu. Alipakia viti hamsini vya plastiki, vipaza sauti viwili na fulana za kugawa. Owen, dereva wetu, aliuliza mara mbili kama Bi. Kadzo ana habari. Akaambiwa aendeshe gari. Kufikia saa nne mtaa mzima ulikuwa umejaa uwanjani kwa Kahonzi, na mwandishi akijaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili.

Kahonzi alitoka, akalisoma bango. Akakunja mkeka wake, akaingia ndani, akafunga mlango. Mzee Ngowa, akija taratibu na Bi. Kadzo kwenye njia ya miguu, akaona umati. Umati wa mwisho aliouona mahali hapo ulikuwa na mapanga. Akaketi pale pale njiani. Tulimbeba hadi garini, naye akalala chini kati ya viti, akajifunika kichwa kwa mikono, hadi tukafika Gede. Kwa wiki tatu baada ya hapo hakuuliza tena swali lake la asubuhi, na kimya hicho kilitutisha kuliko swali lenyewe.

Niliyafanya mimi haya, si mwandishi. Mimi Huzaifa, niliyesomea jambo hilo hilo miaka minne na kulitia fremu. Niliandika barua ya kujiuzulu nikampelekea Bi. Kadzo. Hakunigombeza, na wallahi ningependa angenigombeza. Aliikunja barua, akaifutia meza yake ile isiyokaliwa, akaniambia Jumatano nije Kakuyuni bila kalamu.

Basi mwandishi akaenda kushona makuti. Kwa Kahonzi alisema neno moja tu, samahani, akafundishwa kukaa. Jumatano tatu Kahonzi hakumwangalia. Vidole vilitoka damu, na makuti yake yalikuwa na mianya ya kupitisha kuku. Jumatano ya nne Kahonzi alichukua moja, akaliinua juu, akamchungulia mwandishi kupitia tundu, akaangua kicheko. Akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha yakawa machozi kweli, akalia muda mrefu, mwaka mzima na zaidi wa machozi. Mwandishi alifungua mdomo atoe ushauri. Bi. Kadzo akamfinya goti, kwa nguvu, huku mkono wa pili ukiendelea kushona.

Alipokwisha kulia, Kahonzi akajifuta kwa leso, akauliza nani anampikia mzee, kwa sababu meno yake hayawezi mahindi magumu. Halafu akasema, bila kuulizwa, kwamba siku ile ya matanga hakuwa na wa kumlaumu, na jina la mzee ndilo lililokuwa karibu. Mume wake alikuwepo akasikia. Waliowaendea wale vijana baadaye na kuwaambia maneno hayo hayo ni hao wawili, si sisi.

Februari 2024 Mzee Ngowa alirudi kwao kwa miguu kutoka barabarani, yeye na Bi. Kadzo. Mwandishi aliamriwa abaki ofisini, akatii. Uji ulinywewa, saa moja ikapita, na hakuna aliyemwambia mzee aondoke.

Bi. Kadzo, sisi wa Tulizo tunakushukuru kwa miaka yote hii, na kwa kutomvunja hata mmoja wetu kwa maneno japo tulikupa sababu nyingi. Fremu yangu niliishusha kitambo. Wageni wakiniuliza nimesomea wapi, nasema Kakuyuni, kwa Bi. Kadzo na Kahonzi.

Mzee Ngowa alialikwa kwenye sherehe hii, na alikuwa amewekewa nafasi mbele. Hatakuja. Ametuma salamu kwa simu ya jirani, akaomba radhi sana: Kahonzi amekwenda Kilifi hospitalini kumwona mamake, na amemwachia yeye mtoto wake mchanga wa miezi saba hadi jioni.

Nenda ukapumzike, Bi. Kadzo. Mungu akupe afya, umri na majirani wema.