Kengele Saba Fupi na Moja Ndefu

Pale Tlawi, mbele ya duka la dawa za mifugo, kuna benchi la mkaratusi lililoinama upande mmoja, hata anayekaa upande huo huonekana kama mtu anayeaga. Asubuhi za ukungu, mashine ya kusaga ikiwa bado haijaanza kunguruma, Paskalina huweka hapo jiko lake la mkaa na birika la kahawa ya tangawizi, na wenyewe wa kijiwe huja mmoja mmoja, makoti yamefungwa mpaka kidevuni. Yupo Gervasi mwenye duka, aliyefanya kazi kwenye josho la ng'ombe miaka kumi na tisa, na ndiyo maana wanamwita Daktari. Yupo Felician, ambaye aliwahi kupanda mtumbwi Ziwa Babati kwenda kutazama viboko, akarudi mzima, na tangu siku hiyo hana jina lingine ila Nahodha. Hawa wawili hawajawahi kukubaliana hata kwamba kumekucha. Asubuhi moja aliwajia Gaudensia, mama yake Oliva, amejifunika blanketi lake la maua, na simu ameizungushia leso kama mtu aliyebeba yai.

— Shikamoo mama, walisema wote, na Nahodha akampisha upande usioinama.

— Marahaba, wanangu. Nimekuja mnisikilizie maneno. Mimi na baba yake yametushinda.

Akawaeleza, maana habari hiyo walikuwa wanaijua nusu. Oliva yuko ng'ambo mwaka wa tatu sasa, anamtunza bibi mmoja asiyeweza kutembea, wa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Bibi huyo alitamani kuiona bahari kabla hajafa. Akatafuta meli ya matembezi iliyo rahisi kuliko zote, akamchukua Oliva amsukume. Sauti ya Oliva iliingia kwenye simu juzi jioni. Baba yake, mzee Tadei, aliisikiliza mpaka mahali fulani, akasema zima. Akageukia ukuta. Tangu hapo hajaweka kitu mdomoni.

— Amesema neno moja tu, Gaudensia alisema. Mwambie ashuke kwenye nchi kavu ya kwanza, arudi nyumbani. Na mimi sijamwambia. Akishuka, yule bibi atasukumwa na nani? Asiposhuka, mtoto ni wangu mimi. Ninyi mmetembea. Ashuke au asishuke?

Hakungoja wajibu. Alibonyeza kile kipembetatu, kitu pekee alichofundishwa kubonyeza, na sauti ya Oliva ikatoka juu ya jiko la Paskalina.

"Mama shikamoo, baba shikamoo. Leo ni siku ya pili tuko majini. Meli ni kubwa, watu tuliomo ni kama kata yetu nzima na wageni wake. Chumba chetu kiko chini kabisa, hakina dirisha, zulia linanuka maji. Lifti moja imekufa, kwa hiyo kumpandisha bibi ni foleni. Mlangoni pa chakula yuko mtu wa kutupulizia dawa mikononi, maana safari iliyopita watu waliharisha. Juu kabisa kuna bwawa la kuogelea. Jana, kabla hatujaondoka, kengele ililia saba fupi na moja ndefu. Tukaambiwa wote tuvae maboya, tukapangwa mstari chini ya mashua, wakatuhesabu kwa kadi. Kisha wakasema asanteni, rudini mkale..."

— Simamisha hapo, mama, Nahodha alisema.

Gaudensia akasimamisha. Ni palepale Tadei alipogeukia ukuta.

— Kengele nane, Nahodha alisema. Sisi kwenye mtumbwi, mtu akisema "maji" mara moja tu, inatosha.

— Mtumbwi wenu ulikuwa na kengele? Daktari aliuliza.

— Ulikuwa na Hermani. Hermani alipiga kelele toka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile bila kuvuta pumzi.

— Lakini kasema ililia kabla hawajaondoka, Paskalina alisema huku akimimina. Meli ilikuwa bado imefungwa bandarini.

— Sasa huo ndio ubaya wenyewe, Nahodha alisema. Gari likizimika Bashay mlimani, sawa, mlima. Likizimika uani kwa mwenyewe, hilo lilikuwa bovu toka jana. Na bado wamepanda, wameondoka.

— Meli haina ubaya, Daktari alisema, akapuliza kikombe chake. Wewe unasikiliza kengele, mimi nasikiliza dawa. Nimekaa joshoni miaka kumi na tisa. Sikuona siku hata moja ng'ombe anaingizwa kwenye dawa bila sababu. Hao wana ugonjwa humo. Wamevalishwa kadi, sawasawa na hereni za mifugo. Wakapangwa mstari. Wakahesabiwa. Kwa nini unahesabu mifugo uliyoipakia mwenyewe asubuhi?

— Kwa nini? Paskalina aliuliza.

— Kwa sababu imepungua.

Gaudensia alijivutia blanketi. Alikuwa ametoka nyumbani na hofu moja, sasa alikuwa na mbili, na kahawa hata hajaionja.

— Anaharisha mwanangu?

— Sijasema yeye, mama. Nasema kundi.

— Na chumba kisicho na dirisha je? Paskalina alisema. Mimi hicho ndicho kilichonikata maini.

— Hicho hakinitishi, Gaudensia alimjibu. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya kuchimbwa ubavuni mwa kilima, haina dirisha, mbuzi wanapita juu ya paa. Tulilala vizuri.

— Ile nje yake ilikuwa udongo, mama, Nahodha alisema. Hii nje yake ni samaki.

Kisha Nahodha akaomba waisikie tena ile ya bwawa. Gaudensia akabonyeza, Oliva akaanza upya na shikamoo zake, akapita kwenye zulia, akapita kwenye lifti, akafika kwenye bwawa, akafika kwenye kengele, na alipofika kwenye kula Nahodha akainua mkono tena, ikazimwa palepale.

— Mmesikia? Zulia la chini linanuka maji. Na juu kabisa kuna bwawa. Sasa niambieni mtu mwenye akili, anayeelea juu ya maji, anabebea nini maji mengine?

— Ya kuogelea, Paskalina alisema.

— Hayo ndiyo yanayovuja chini. Wanayapandisha juu kwa pampu, halafu wanawaambia wageni ingieni muoge.

Daktari alicheka mpaka kahawa ikamwagikia koti.

— Na wewe, mtaalamu wa viboko, watayapandisha mpaka lini?

— Mpaka juu kuwe kuzito kuliko chini. Ndipo kengele.

— Kama shida ni uzito, Daktari alisema, sasa hakucheka tena, kwani wazo lilikuwa limemwingia naye, basi sikilizeni. Meli ya mizigo ina mizigo. Hii haina. Ni nyepesi, upepo unaicheza. Rahisi kuliko zote, kasema mama. Kwa nini rahisi? Kwa sababu mzigo ni abiria. Wamewapanga mstari wawaone nani mwembamba. Wakawaambia nini? Rudini mkale.

Nahodha alimtazama. Kwa mara ya kwanza mwaka huo alimwitikia kwa kichwa.

— Oliva ni mwembamba, Paskalina alisema polepole.

— Ndiyo maana nasema.

Gaudensia aliweka kikombe chini. Hayo ya uzito yalimpita kichwani kama upepo, hakujua aamini lipi aache lipi. Alilojua yeye lilikuwa moja, na lilikuwa la zamani kuliko bwawa na hereni.

— Wanangu, kengele ile ni yowe, alisema. Na yowe nalijua.

Akawasimulia. Mwaka wake wa kwanza wa ndoa, jioni moja, aliona fisi kwenye majani karibu na zizi, akapiga yowe. Wanaume walikuja toka vilima vitatu, mwingine na mkuki, mwingine na mwiko wa ugali aliousahau mkononi. Kumbe ni mbwa wa jirani yao, mzee Bura, amelala na mfupa wake. Hakuna aliyemcheka. Wazee walikaa, wakamtoza: apike pombe, wanywe wote waliokimbia. Siku tatu alisaga ulezi, na mama mkwe wake amekaa kando, hamsaidii, anaongea naye kwa upole. Sauti ile Gaudensia anayo mpaka leo masikioni. Mwanangu, alimwambia, sikutesi. Lakini watu wakikimbizwa bure leo, kesho utaita na wao watamaliza uji wao kwanza.

— Kwa hiyo hao wakubwa wa meli, Paskalina aliuliza, walioita watu wote hao na mabibi wa kusukumwa, wametozwa nini?

— Hawajatozwa, Gaudensia alisema. Wamesema asanteni.

Hapo ndipo kijiwe kizima kilipoogopa. Mkaa ulilia kwenye jiko. Kila mmoja aliligeuza kichwani, na kila mmoja akafika palepale: mtu hawezi kupiga yowe la uongo mbele ya watu elfu kadhaa, akaachwa hivihivi. Kama hakuna aliyetozwa, basi hatari ilikuwa ya kweli, na Oliva alikuwa amelala juu yake siku tatu.

— Mwambie ashuke, mama, Daktari alisema.

— Ashuke, Nahodha alisema. Tumekubaliana.

Gaudensia aliitazama simu. Alimwona Oliva akishuka ngazi na mfuko wake, halafu akamwona yule bibi asiyemjua, ameachwa kwenye foleni ya lifti, anageuza shingo kumtafuta mtu wa kumsukuma. Kidole chake kilisimama hewani.

Ndipo akaja Yonas, mfugaji wa Yaeda Chini. Alikuwa ametembea toka jana kufuata dawa ya minyoo ya mbuzi. Aliegemeza fimbo yake ukutani, akamwamkia Gaudensia, akakaa upande ule ulioinama. Paskalina alimpa kahawa na habari yote kwa pamoja, bwawa, josho, uzito na fisi. Yonas alisikiliza mpaka mwisho, uso wake haukuonyesha kama ameelewa hata nusu.

— Na yeye mwenyewe, aliuliza, mwishoni anasemaje?

— Mwisho wa nini? Nahodha alisema.

— Wa maneno yake. Anamaliziaje?

Daktari akamtazama Nahodha. Nahodha akamtazama Paskalina. Paskalina akafunua birika, akachungulia ndani kana kwamba jibu lilikuwa humo. Gaudensia alisikia aibu ikimpanda usoni, maana siku mbili alikuwa amebeba maneno ya mwanawe kwenye leso na hakuyafikisha mwisho hata mara moja.

Akabonyeza. Shikamoo, zulia, lifti, dawa, bwawa, kengele, mashua, rudini mkale. Hakuna aliyeinua mkono.

"...Bibi alicheka, akasema ni mazoezi tu. Mama, hiyo ndiyo habari yangu. Ya kwenu je? Mvua imenyesha? Baba kikohozi kimeacha? Ninyi mnanificha, najua. Kila mara mnasema hajambo. Usinambie hajambo, mama. Niambie kama anakula. Akiwa anakula nitajua mwenyewe, nitatulia. Simu ikinyamaza ndiyo naogopa, siogopi maji..." Kisha, kwa mbali, kitu kililia mara moja, ting, na sauti ikakatika.

— Hiyo ilikuwa fupi au ndefu? Paskalina aliuliza.

— Ya chakula, Daktari alisema.

— Lifti, Nahodha alisema. Ile nzima.

— Fupi au ndefu?

Yonas alikuwa akinywa kahawa yake.

Gaudensia alimwomba Paskalina amwonyeshe pa kubonyeza ili naye aseme. Paskalina akamshikia. Kijiwe kizima kikainama kusikiliza, na mashine ya kusaga ilikuwa bado haijaanza. Gaudensia alisogeza mdomo karibu sana na simu, kama mtu anayepuliza moto.

— Oliva. Ni mama. Mvua imenyesha, mahindi yamefika magotini. Baba yako anakula. Hapa wamesema mengi kuhusu meli hiyo, sikuyaelewa. Wewe kaa na bibi wa watu. Lakini kengele ikilia tena, usikae kuuliza kama ni ya kweli au ni ya bure, na usimalize chakula. Toka. Na huyo bibi msukume, utoke naye.

Paskalina akaachia kidole. Sauti ikaenda, au haikuenda, kuna alama moja ya vema ilitokea na ya pili ikakataa kuja. Nahodha akasema hiyo ni mtandao wa milimani. Daktari akasema ni wa baharini. Wakaanza.

Gaudensia akainuka, akajifunika blanketi vizuri.

— Paskalina, nitilie kikombe kimoja nimpelekee mzee.

Paskalina akainamisha birika. Lilitoa matone mawili na vipande vya tangawizi.

— Imeisha, mama. Ngoja nichemshe nyingine.

— Siwezi kungoja, Gaudensia alisema. Nimekwisha kumwambia mtoto kwamba anakula.

Akashika njia ya nyumbani kwa haraka, leso mkononi, akihesabu kichwani: unga upo, maziwa ya jana yapo, kuni kidogo. Kwa uji zinatosha.