Santuri Mia Tatu na Arobaini za Chinami

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ya Togashi nasimama mbele yenu mimi, Kiyoharu, kaka wa marehemu, na mniwie radhi nikikwama, maana karatasi hii nimeiandika mara nne na mara tatu nimeichana.

Marehemu Chinami alizaliwa hapa Sakata tarehe 9 Februari 1969, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Togashi, seremala, akasoma papa hapa hadi Machi 1987, na tangu utotoni alikuwa akiimba mchana kutwa mpaka mama anamfokea, "We mtoto, hata wali unauimbia?"

Mwaka huo kampuni moja ya muziki ilimchukua Tokyo, na Jumatano tarehe 21 Septemba 1988 santuri yake ya kwanza, "Theluji Haigongi Hodi", ikaingia madukani, kwa sharti kwamba isipofika katika nyimbo mia za kwanza kwa mauzo wiki hiyohiyo, basi afungashe arudi kwao.

Chinami aliniandikia barua mimi peke yangu, akieleza kwamba mauzo huhesabiwa katika maduka machache tu, na kwa mji wetu ni lile kubwa la mbele ya stesheni, "Kaka, nakuomba sana, watu wanunue pale, si kwingine." Mimi mjuaji nikaona haya kumruka jirani yetu mzee Ishigaki, aliyebandika picha ya Chinami dirishani tangu Agosti, nikawapeleka watu wote kwenye kiduka chake cha santuri, wavuvi, walimu, akina mama wa ghala la mpunga, tukanunua santuri mia tatu na arobaini, tukarudi tunacheka, na Chinami alipopiga simu nikamwambia, "Palepale uliposema, ondoa shaka." Wimbo ukashika nafasi ya mia moja na mbili.

Alirudi Januari 1989, akaajiriwa jikoni katika shule ya chekechea, akafanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa, na kila sherehe wenzake walipomsukumia kipaza sauti alijibu, "Sauti yangu ilishahesabiwa, jamani, ikaonekana pungufu," watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Tarehe 14 Mei 1994 alifunga ndoa na Bwana Morio Igarashi, wakajaliwa binti mmoja, Honoka, aliyezaliwa tarehe 2 Julai 1997, na ambaye hajawahi kumsikia mama yake akiimba.

Mnamo Juni 2018 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa, akapata nafuu kidogo, akazidiwa, na tarehe 3 Machi 2019, saa nne asubuhi, akatutoka. Wiki moja kabla alinishika mkono akaniuliza, "Kaka, sauti yangu ndiyo haikutosha, sivyo?" nami, mbele ya mgonjwa anayeniaga, nikamwambia apumzike.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa chekechea, na mtawa wetu wa Kibudha aliyetusomea sala tangu jana.

Morio, Honoka, barua ile ninayo, mtaisoma, na mkitaka nisikanyage tena kwenu, nitaelewa. Na wewe, Chinami, nakujibu sasa, nimechelewa mno na huwezi kunisikia, sauti yako ilitosha, ilitosha kabisa, aliyepungua ni mimi. Lala salama, mdogo wangu.